Mopedi kwa anayeanza: kujenga kujiamini hatua kwa hatua

Ukionekana unaogopa mopedi, watu watakuambia, "Panda tu, utazoea." Mimi sikubaliani na ushauri huo. Kuzoea kunakuja, ni kweli, lakini mtu anaweza kuzoea vibaya: akazoea kutumia breki moja, akazoea kutazama tairi la mbele, akazoea kubanana na ukingo wa barabara. Siku likitokea la ghafla, mazoea hayo hayo ndiyo yanayomwangusha. Anayejiamini kweli ni yule anayejua kwamba mashine yake anaweza kuisimamisha anapotaka, ikiwa wima, bila kuparamia kitu. Ukishalijua hilo kwa mikono yako, hofu nyingi zinapungua zenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa kwenye breki kwa muda mrefu kabla haujakufikisha barabarani.

Ninazungumzia mopedi ya kawaida: injini ya cc 50 au pungufu, isiyo na gia za mguu wala klachi ya mkono. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mashine hizi zimewekewa kikomo cha kilomita 45 kwa saa. Mwendo huo unasikika mdogo, lakini maana yake ni mita 12.5 kila sekunde. Ukizubaa sekunde moja tu, umeshapita urefu wa basi zima.

Leseni, bima na usajili vinatofautiana nchi hadi nchi; vimalize kwanza, kwa sababu mtu anayeendesha huku akiwaogopa askari hawezi kuwa na akili yote barabarani.

Hatua ya 1: Vaa, kisha kagua

Helmeti ndiyo inayotangulia. Uchambuzi wa mwaka 2008 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, uliokusanya tafiti 61, ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Ila helmeti inayocheza kichwani ni ya kazi gani? Ivae, funga mkanda wa kidevuni, kisha isukume kutoka kisogoni kuja mbele kana kwamba unaivua. Ikitoka, tafuta nyingine. Mashavu yabanwe kidogo, na ukiitikisa helmeti, ngozi ya uso ivutike pamoja nayo. Helmeti iliyowahi kupata kishindo cha ajali usiivae tena hata kama kwa nje inaonekana nzima, kwa kuwa tabaka la ndani linalopokea kishindo likishabonyea halirudi. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi helmeti ya mtumba: hujui imepitia nini.

Vaa glavu, maana anayeanguka hutanguliza viganja. Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu nzito, na koti la mikono mirefu. Kandambili ziache nyumbani.

Mashine nayo ikague kabla hujaiwasha. Upepo wa tairi upimwe tairi likiwa limepoa. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kitabu cha mashine. Matairi ya mopedi ni madogo, hivyo upepo ukipungua hata kidogo usukani unakuwa mzito na kona zinakuwa za kubahatisha. Kama tairi ni jipya, nenda kwa adabu kilomita 100 hivi za mwanzo, kwa kuwa ngozi yake ya juu bado inateleza. Shika breki moja baada ya nyingine uone kama taa ya nyuma inawaka kwa zote mbili. Jaribu indiketa na honi. Weka vioo ukiwa umekaa kwenye siti, si ukiwa umesimama pembeni.

Hatua ya 2: Isukume ikiwa imezimwa

Watu wanairuka hatua hii, na ni hasara kwao. Mopedi nyingi zina uzito wa kilo 80 hadi 110, na sehemu kubwa ya hofu ya mwanzo ni hofu ya uzito huo. Zima injini, simama upande wa kushoto, shika usukani kwa mikono miwili, na utembee nayo. Zunguka nayo kushoto, kisha kulia. Isimamishe kwa breki. Iegemeze kidogo upande wako, usikie pale inapoanza kukulemea, kisha iinue. Ipandishe kwenye stendi ya kati na uishushe mpaka usihitaji kukaza meno.

Hapo hapo utajifunza jambo litakalokuokoa baadaye: geuza usukani mpaka mwisho, sukuma taratibu, halafu gusa breki ya mbele. Mashine itadidimia upande mmoja na kutaka kulala. Kwa hiyo usukani ukiwa umekatwa na mwendo ukiwa wa kutambaa, breki ya mbele usiiguse. Tumia ya nyuma. Mopedi nyingi zinazoangukia uani au kwenye maegesho huanguka kwa kosa hilo.

Hatua ya 3: Dhibiti mkono wa mafuta

Tafuta uwanja wa lami au saruji ulio mtupu, mkavu na wa tambarare. Mopedi nyingi hazipigi stata mpaka ushike breki. Endelea kuishika hata baada ya injini kuwaka.

Mashine isiyo na gia ina tabia inayowashtua wageni. Unavuta mafuta kidogo, injini inanguruma, mashine haiendi. Unaongeza, bado. Unaongeza tena, ghafla inachomoka. Sababu ni kwamba klachi yake, kiungo kati ya injini na gurudumu la nyuma, hujishika yenyewe injini ikifika mzunguko fulani. Chini ya hapo haishiki kabisa. Kati ya kunguruma na kuchomoka kuna nafasi nyembamba ambapo mashine inatambaa. Kazi yako ya kwanza ni kuitafuta nafasi hiyo na kuizoesha mkono.

Kinachowaangusha wengi siku ya kwanza hutokea ndani ya sekunde moja. Mashine inachomoka, mwili unabaki nyuma, mikono inang'ang'ania usukani, na katika kung'ang'ania huko kiganja cha kulia kinajikunja kuja chini na kuvuta mafuta zaidi. Kadiri mtu anavyoogopa, ndivyo anavyoongeza mafuta. Si uzembe, ndivyo mwili ulivyo, na kinga yake iko kwenye namna ya kukaa. Kaa mbele kidogo kwenye siti, viwiko vikunjwe, mabega yaachiwe. Shika kishikio cha mafuta huku kifundo cha mkono kikiwa kimelala chini kidogo kuliko vidole, ili ukivutwa nyuma usiwe na nafasi ya kukikunja zaidi. Shika kwa wepesi, kama mtu asiye na haja ya kujining'iniza hapo.

Sasa tambaa mita chache, rudisha mafuta mpaka mwisho, simama kwa breki ya nyuma, weka mguu wa kushoto chini. Tena. Tena. Rudia mpaka uanze kuchoshwa nalo. Kuchoshwa ni dalili nzuri.

Hatua ya 4: Jifunze kusimama

Kwenye mopedi nyingi za aina hii, mkono wa kulia ni breki ya mbele na wa kushoto ni ya nyuma. Kuna ambazo mkono wa kushoto unashika zote mbili kwa pamoja. Kitabu cha mashine kitakuambia.

Utasikia watu wakisema, "Usiguse breki ya mbele, itakurusha." Ushauri huo umeumiza watu. Unaposhika breki, uzito mwingi unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa ardhini na kushika zaidi, la nyuma linakuwa jepesi na linajifunga upesi, yaani linaacha kuzunguka na kuanza kuteleza. Kwa hiyo nguvu kubwa ya kukusimamisha iko mbele, na anayetegemea ya nyuma peke yake atahitaji nafasi ndefu zaidi, nafasi ambayo siku ya dharura hataipata. Kinachoangusha ni kuibana breki ya mbele ghafla kabla uzito haujahamia. Shika kama unavyokamua sifongo lililojaa maji: gusa kwanza, sikia pua ya mashine ikiinama, kisha kamua kwa nguvu inayoongezeka.

Zoezi lenyewe liko hivi. Weka kopo tupu chini kama alama. Njoo kwa kilomita 15 kwa saa, mashine ikiwa wima na imenyooka. Ukifika kwenye kopo, rudisha mafuta na ushike breki ya nyuma tu. Tia alama ya chaki uliposimama. Rudia kwa ya mbele tu, kwa upole. Kisha zote mbili pamoja. Utashangaa alama hizo tatu zilivyoachana, na hakuna maelezo yatakayokushawishi kuliko chaki hiyo.

Baadaye panda hadi 20, halafu 30. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana kupanda kutoka 20 hadi 40 si jambo dogo hata kama mkononi linasikika dogo. Usipande ngazi nyingine mpaka ile uliyopo iwe shwari.

Wakati wote huo macho yaangalie mbali mbele. Ukiangalia chini, ndiko utakakoelekea. Tairi la nyuma likijifunga, utasikia mkia wa mashine ukitembea. Legeza breki ya nyuma kidogo na ushike upya. La mbele likianza kuserereka, usukani unakuwa mwepesi ghafla. Iachie papo hapo, kisha kamua tena kwa upole. Mashine yenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, inakufanyia kazi hiyo, lakini mopedi nyingi hazina.

Lifanye zoezi hili mwanzo wa kila safari, hata baada ya kuwa mzoefu. Kusimama mara mbili tatu mahali patupu kunakukumbusha breki za siku hiyo zikoje, na lami ya siku hiyo ikoje.

Hatua ya 5: Macho kwanza, usukani baadaye

Kwenda taratibu ni kugumu kuliko kwenda kasi, kwa sababu magurudumu yanayozunguka polepole hayakusaidii kubaki wima. Ujanja ni huu: weka mafuta kidogo yasiyobadilika, na ushike breki ya nyuma kwa wepesi bila kuiachia. Mashine inatulia kati ya nguvu hizo mbili. Kisha unadhibiti mwendo kwa breki ya nyuma peke yake, mkono wa mafuta ukibaki pale pale.

Kwa namna hiyo, zunguka duara kubwa. Geuza kichwa chote, kidevu kikiwa juu ya bega, utazame sehemu ya duara utakayoifikia baadaye. Wengi hugeuza macho tu na kuacha kichwa mbele; hiyo haitoshi. Punguza duara kidogo kidogo, kisha chora nane, kisha jaribu kugeuza mashine kurudi ulikotoka ndani ya upana wa barabara ya kawaida.

Kwenye kona ya mwendo wa kawaida, punguza kasi kabla ya kuingia, tazama unapotokea, na ushikilie mafuta kidogo mpaka utoke. Ukiona mwendo umezidi ukiwa ndani ya kona, usishtuke na kubana breki. Endelea kutazama unakotaka kutokea. Na ukiona shimo, litazame mara moja ulijue lilipo, kisha hamishia macho kwenye njia ya kulipita. Anayelikazia macho shimo huingia humo.

Hatua ya 6: Chagua barabara yako ya kwanza

Usiingie barabarani kwa sababu una mahali pa kwenda. Ingia kwa sababu ya mazoezi, asubuhi ya siku ya mapumziko, kwenye barabara unayoijua kwa miguu. Chora mzunguko mfupi usiokulazimisha kukata mbele ya magari yanayokuja. Upite tena na tena mpaka ukumbuke kila mfuniko wa chemba. Kisha ongeza jambo moja gumu: makutano yenye taa, au makutano ya mzunguko (kipilefti), au mlima. Likikaa sawa, ongeza lingine. Usichanganye magumu mawili mapya siku moja, kwa mfano giza na barabara ngeni.

Mgeni hujibana pembeni kabisa akidhani yuko salama. Huko pembeni ndiko kuna changarawe, mifereji, milango ya magari yanayofunguliwa ghafla, na kibaya zaidi, madereva wanaona nafasi ya kukupita wakiwa ndani ya njia yako hiyo hiyo. Kaa kwenye mkondo mmoja wa matairi ya magari, mbali na ukingo. Katikati kabisa ya njia, hasa karibu na makutano, mafuta ya magari hudondoka na kufanya lami iteleze.

Acha sekunde mbili kati yako na gari la mbele, nne kukiwa na mvua. Chagua nguzo au kivuli, gari likipita hapo anza kuhesabu.

Kutakuwa na dereva atakayekukaribia sana kwa nyuma. Hili ndilo linalowavunja moyo wengi kuliko kitu kingine, na linawafanya wavute mafuta kuliko wanavyoweza kumudu. Usiongeze mwendo kwa ajili yake. Ongeza nafasi yako ya mbele, ili ukihitaji kusimama usimame polepole naye apate muda. Ukipata mahali pazuri, toa indiketa, kaa pembeni, apite. Hudaiwi kasi na mtu yeyote.

Hatua ya 7: Makutano

Mwaka 1981 ulitoka utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, uliochunguza ajali za pikipiki zipatazo 900 katika eneo la Los Angeles. Katika migongano ya pikipiki na gari, takriban theluthi mbili zilitokana na dereva wa gari kuingilia njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Kwa kawaida dereva alisema hakuiona, au aliiona akiwa amechelewa. Utafiti huo huo uligundua kwamba waliojifunza wenyewe, au kwa ndugu na marafiki, walikuwa wengi mno miongoni mwa waliopata ajali. Basi kama kuna mkufunzi anayetambulika unaweza kumfikia, mfuate. Saa chache naye zina faida kubwa.

Mashine yako ni nyembamba. Ikija moja kwa moja kuelekea kwa dereva, haikui haraka machoni pake, hivyo anashindwa kukadiria umbali na mwendo. Washa taa hata mchana. Ukikaribia makutano, sogea kidogo kushoto au kulia ndani ya njia yako. Kitu kinachohama kinanasa jicho kuliko kinachokuja kimenyooka. Rudisha mafuta, na vidole viwe tayari juu ya mikono ya breki.

Kisha tazama tairi la mbele la gari linalosubiri kukatiza. Uso wa dereva unaweza kukudanganya: anakutazama machoni na bado hakuoni. Tairi halidanganyi, kwa sababu gari haliwezi kuondoka kabla tairi halijazunguka. Likianza tu kuzunguka, wewe umeshaanza kukamua breki.

Kabla ya kubadili njia, vioo havitoshi. Toa indiketa, tazama kioo, kisha geuza kichwa mara moja juu ya bega, ndipo uhame.

Mvua, vyuma na changarawe

Haya yana kanuni moja: mashine iwe wima, mikono iwe laini. Dakika za kwanza za mvua baada ya ukavu ndizo mbaya zaidi, maji yanapoinua mafuta na vumbi la lami. Subiri kidogo ukiweza. Rangi za barabarani na mifuniko ya chuma huteleza ikilowa, ipite bila breki na bila kulaza. Reli zikate kwa pembe iliyonyooka kadiri iwezekanavyo, la sivyo tairi dogo linanasa. Kwenye changarawe punguza mwendo kabla hujaifikia, si ukiwa juu yake.

Hofu ikirudi

Itarudi. Jifunze kuisoma mwilini: mabega yamepanda, vidole vimekaza, pumzi imekatika. Ukiyaona hayo, legeza viwiko kwanza, toa pumzi ndefu, punguza mwendo. Ikiendelea, kaa pembeni na uzime injini. Wakati mwingine ni uchovu tu. Mwanzoni nusu saa ya kuendesha inachosha kuliko unavyodhani, na makosa mengi huja mwishoni mwa safari.

Abiria asubiri. Mtu mmoja nyuma anabadilisha uzito, breki na kona zote ulizojifunza. Mpe siti baada ya wewe mwenyewe kuwa mtulivu kwenye mvua, usiku na kwenye foleni, na hata hapo urudi naye kwanza kwenye uwanja mtupu mfanye mazoezi ya kusimama. Vilevile epuka kufuatana na wenzako wanaokimbia. Wakikuacha, wakusubiri mbele. Kama hawawezi kusubiri, nenda peke yako.

Ukianguka, au ukinusurika, usipande siku hiyo hiyo ili kuthibitisha kitu. Muone daktari kama umegonga kichwa, na fundi aikague mashine: usukani umenyooka, mikono ya breki haijapinda, magurudumu hayayumbi. Siku utakayorudi, anzia kwenye uwanja, kwenye hatua ya 4, kwa kilomita 15 kwa saa na lile kopo. Fikiria pia ilitokea nini hasa: uliangalia wapi, mkono gani ulikaza, mwendo ulikuwa gani kabla ya hapo. Fanyia kazi hicho kimoja mpaka kikae sawa, ndipo urudi kwenye ule mzunguko wako mfupi wa asubuhi ya mapumziko.